Santuri za zamani na uongo wa 78: mwongozo kamili wa kutafuta spidi ya kweli ya sahani yako

Watu wengi wakirithi sanduku la santuri kutoka kwa babu au mjomba wanafanya kitu kimoja, wanatafuta pleya yenye alama ya 78, wanaweka sahani, sauti inatoka, basi wamemaliza. Kumbe sahani nyingi za kabla ya mwaka 1925 hivi hazikurekodiwa kwenye mizunguko 78 kwa dakika. Nyingine zilikatwa kwenye 70, nyingine 76, nyingine 80, na zipo zinazofika mpaka 100. Ukipiga sahani ya 73 kwenye 78 unapandisha sauti zaidi ya nusu toni nzima, mwimbaji anakuwa kama kabanwa koo, wimbo wa dakika 3 na sekunde 23 unaisha kwa dakika 3 na sekunde 10, yaani sekunde 13 za mtu aliyeshafariki umemnyang'anya hivi hivi. Mimi hili linaniuma sana manake sauti ndo kitu pekee walichotuachia wale watu, picha zao ni chache na mahojiano karibu hakuna.

Kwa hiyo nimeandika hapa njia ninayoitumia mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Huhitaji studio. Unahitaji pleya, simu, kompyuta ya kawaida, na uvumilivu.

KWANZA UJUE KWA NINI SPIDI ZINATOFAUTIANA

Emile Berliner alipoleta gramafoni yake mwaka 1887 mashine ilizungushwa kwa mkono, hendeli unaizungusha mwenyewe, sasa hapo spidi itakuwa ngapi? Ni mkono wako tu. Sahani zake za miaka ya 1890 zinazunguka karibu na 70, nyingine chini ya hapo. Mwaka 1896 Eldridge Johnson wa Camden, New Jersey akatengeneza mota ya springi inayofaa, ndipo mambo yakaanza kutulia, lakini kutulia kwa mashine ya nyumbani sio kutulia kwa mashine ya kurekodia. Kwenye chumba cha kurekodia mafundi walitumia mota inayovutwa na uzito unaoshuka taratibu, kama saa kubwa ya ukutani, na kila fundi alikuwa na gavana lake, yaani kile kifaa kinachodhibiti mwendo, analirekebisha anavyoona yeye. Siku nyingine alitaka wimbo mrefu uingie upande mmoja, anapunguza spidi. Siku nyingine kapandisha.

Afu kila kampuni na lake. Victor ya Marekani walikuwa wanarekodi mara nyingi karibu na 76 huku mteja anaambiwa apige 78. Columbia walikuwa watu wa 80 mpaka katikati ya miaka ya 1920. Sahani za Edison, zile nene nzito zilizotoka 1912 mpaka 1929, ni 80 kamili na hapo hakuna mjadala. Pathé wa Ufaransa zile za mwanzo zinaanzia katikati kwenda nje, kinyume na tulivyozoea, na zinakimbia 90 mpaka 100, baadaye wakashuka kwenye 80.

Na hiyo 78 yenyewe imewekwa na umeme, sio na muziki. Mota ya umeme wa Marekani, wa 60 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde), inazunguka mara 3600 kwa dakika, ukiweka gia ya 46 kwa 1 unapata 78.26. Kwenye umeme wa 50 Hz kama wetu mota inazunguka 3000, hesabu ya gia ikatoa 77.92. Tofauti hiyo ndogo sikio halisikii, usihangaike nayo. Ila sababu ya kuwepo kwake itakusaidia mbele kidogo.

HATUA YA 1: SOMA SAHANI KABLA HUJAIPIGA

Chukua taa ya mezani, iinamishe pembeni ili mwanga upite juu ya sahani kwa mlazo. Soma lebo, afu soma ile sehemu nyeusi laini kati ya lebo na mwisho wa mifereji. Pale kuna namba zimechongwa au kugongwa ndogo ndogo, hiyo ni namba ya kurekodia na mara nyingi inasema mengi kuliko lebo yenyewe.

Angalia alama baada ya hiyo namba. Kwenye sahani za His Master's Voice na ndugu zake, ukikuta pembetatu ndogo ujue imerekodiwa kwa umeme, yaani kwa maikrofoni, kuanzia 1925. Ukikuta mraba ni umeme pia ila ni kuanzia mwanzo wa miaka ya 1930. Columbia wao waliweka W ndani ya duara, baadaye C ndani ya duara. Victor waliandika VE ndani ya yai. Hakuna alama yoyote na sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya pipa? Hiyo ni ya zamani zaidi, imerekodiwa kwa kuimba ndani ya pembe, na hapo ndo kwenye kazi kubwa.

Kwa nini alama hizi ni muhimu? Kwa sababu sahani za umeme zimesogea karibu na 78 kwa kiasi kikubwa, unaanzia 78 na unategemea kukosea kidogo tu. Zile za pembe unaanzia popote kati ya 70 na 82. Kwa sisi wa mwambao hii ni habari njema. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenzake walikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, wakati maikrofoni tayari imeshaingia, kwa hiyo ukibahatika kushika sahani ya wakati ule kwanza tafuta pembetatu, ukiiona anzia 78, na ukijikuta unaisogeza mpaka 72 simama ujiulize kama sio pleya yako ndo mbovu.

Sahani za miaka ya 1950, zile zilizotoka Mombasa na Nairobi, pia piga 78, hapo tatizo lako litakuwa mikwaruzo zaidi kuliko spidi.

HATUA YA 2: SAFISHA, NA TAFADHALI USITUMIE SPIRITI

Sahani hizi sio plastiki. Zimefungwa kwa shelaki, ile gundi ya mdudu inayotoka India, na spiriti inaiyeyusha. Nimeona mtu kaifuta sahani nzuri kabisa kwa pamba ya spiriti kama anasafisha kidonda, mifereji ikafifia mbele ya macho yetu, haikurudi tena. Tumia maji yaliyochujwa, tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini, fuata mzunguko wa mfereji, usilowanishe lebo, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Sahani za Edison usiziguse na maji kabisa, ndani yake kuna unga wa mbao, zinavimba.

HATUA YA 3: SINDANO INAYOFAA

Sindano ya LP, zile sahani za plastiki za mizunguko 33, ni nyembamba mno kwa mfereji wa santuri ya zamani, inashuka mpaka chini inaburuta kwenye uchafu, unasikia mvumo wa mchanga tu. Ncha ya sindano ya LP ina nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi, ya 78 ni karibu mikroni 76. Nunua ya 78, inapatikana kwa katriji nyingi za kawaida. Uzito wa mkono weka gramu 3 mpaka 5.

Na gramafoni ya hendeli ya marehemu babu? Ni nzuri sebuleni, na ukipiga sahani za kawaida badilisha sindano ya chuma kila upande. Lakini kichwa chake kina uzito unaopita gramu 100, kila ukipiga unachonga. Sahani ya nadra usiiweke pale.

HATUA YA 4: PIMA PLEYA YAKO YENYEWE

Hapa ndipo wengi wanaruka na ndipo kosa linaanzia. Kabla hujauliza sahani ilirekodiwa kwenye ngapi lazima ujue mashine yako inazunguka ngapi, kweli kweli, sio namba iliyoandikwa kwenye kitufe.

Njia ya kwanza ni kadi ya strobo. Ni karatasi ya duara yenye mistari, unaiweka juu ya sahani chini ya taa ya umeme, spidi ikiwa sawa mistari inaonekana kama imesimama. Ila sikiliza kwa makini hapa. Kwenye umeme wa 50 Hz, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, Ulaya, kadi ya 78 inatakiwa iwe na mistari 77. Ya Marekani ya 60 Hz ina mistari 92. Mimi nilinunua kadi mtandaoni haikuandikwa chochote, nikaitumia wiki mbili, kila sahani ikawa inaimba kama mtu anayesinzia, nikasingizia mkanda wa pleya nikanunua mwingine. Siku nimekaa nikahesabu mistari mmoja mmoja kwa ncha ya pini: 92. Kadi ya 92 chini ya umeme wetu inasimama ukiwa kwenye mzunguko 65! Kwa hiyo hesabu mistari kwanza. Na taa nyingi za siku hizi za LED hazipepesi kufuata umeme, mistari haitasimama hata ufanyeje. Tafuta taa ya zamani ya tyubu au hata balbu ya waya.

Njia ya pili ndo ninayoipenda, haitaki kadi wala taa. Bandika kipande kidogo cha karatasi nyeupe kwenye ukingo wa sinia la pleya, chukua saa ya simu, hesabu mizunguko 100, afu gawanya 6000 kwa sekunde ulizopata. Basi. Ukipata sekunde 76.9 uko kwenye 78. Sekunde 75 ni 80. Sekunde 80 ni 75. Sekunde 82.2 ni 73. Ukihofia kupotea kuhesabu rekodi video uhesabu baadaye taratibu.

Jambo moja usilisahau, pima sindano ikiwa juu ya sahani inapiga. Sindano inavuta breki kidogo, kwenye pleya dhaifu na hasa gramafoni ya springi tofauti inaonekana. Kwa ya springi, jaza springi yote kabla ya kila upande, na usiamini kile kibao cha namba pembeni ya sinia, baada ya miaka mingi gavana limechakaa, mafuta yamekauka, namba inasema 78 mashine iko 71.

HATUA YA 5: REKODI KWANZA, REKEBISHA BAADAYE

Kama pleya yako haina 78 usiache. Piga kwenye 45 au 33, rekodi kwenye kompyuta, afu pandisha spidi kwa programu kama Audacity. Tumia ile amri inayobadilisha spidi na sauti kwa pamoja, sio ile inayobadilisha mwendo na kuacha sauti palepale, hiyo inaharibu kila kitu.

Hesabu ni kugawa tu. Kutoka 45 kwenda 78 ni mara 1.733, yaani ongeza asilimia 73.33. Kutoka 45 kwenda 76 ongeza asilimia 68.89. Kutoka 33 na theluthi kwenda 78 ni mara 2.34, ongeza asilimia 134. Na hiyo 45 yako pia ipime, mizunguko 100 ichukue sekunde 133.3.

Kuna faida hata kwa mwenye 78, sahani iliyopinda au iliyopasuka sindano inatulia zaidi kwenye mwendo wa chini. Hasara yake ni kwamba ule usawazishaji wa besi na treble ndani ya amplifaya unaangukia pasipo mahali pake, kwa hiyo ukiweza rekodi bila usawazishaji wowote uuweke mwishoni baada ya kupata spidi. Pia mvumo wa umeme wa 50 Hz ulioingia kwenye waya zako utapanda nao, ukipandisha mara 2.34 unakuwa 117 Hz, usije ukadhani ni udi.

Faili la kwanza kabisa, lile bichi, lihifadhi bila kuligusa. Mabadiliko yote fanya kwenye nakala.

HATUA YA 6: WEKA SAHANI KATIKATI

Tundu la katikati mara nyingi halikutobolewa katikati kweli. Angalia mkono wa pleya, kama unayumba kushoto kulia kila mzunguko basi sauti nayo inapanda na kushuka mara 1.3 kila sekunde, na ukipima noti utapata jibu tofauti kila ukipima. Sogeza sahani kidogo kidogo mpaka mkono utulie, kama tundu linabana weka sahani juu ya kipande cha mpira kinachoinua juu ya msumari wa katikati. Hii inachosha lakini ukiiruka hatua inayofuata haina maana.

HATUA YA 7: SAKA USHAHIDI NDANI YA MUZIKI

Sasa tuko kwenye kiini cha jambo.

Nusu toni moja ni asilimia 5.95 hivi. Kwa hiyo kutoka 78, kupanda nusu toni ni 82.6, kushuka nusu toni ni 73.6. Mzunguko mmoja tu ni senti 22, nusu toni ikiwa na senti 100. Shika namba hizi kichwani manake ndo rula yako.

Tafuta ala ambayo haiwezi kubadilishwa mlio kirahisi. Piano, hamoniamu, klarineti. Fungua apu ya kutyunia gitaa kwenye simu, iweke karibu na spika, tafuta sehemu noti imevutwa ndefu. Tuseme umepiga kwenye 78 na noti ya A ya hamoniamu inasoma 452 Hz. Kama hamoniamu ilitengenezwa kwa A ya 440, yaani noti ya A inayotetema mara 440 kwa sekunde, spidi ya kweli ni 78 mara 440 gawanya kwa 452, unapata 75.9. Kama ilikuwa ya A 435, ile iliyowekwa na Wafaransa mwaka 1859, unapata 75.1. Umeona? Jibu linategemea ulianza na A ipi, na miaka ile A ilikuwa haijakubaliwa, hiyo 440 ilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Uingereza bendi za jeshi na za matarumbeta zilitumia A ya juu sana, 452 hivi. Kwa hiyo sahani ya bendi ya Kiingereza inayosoma 452 kwenye 78 inawezekana iko sawa kabisa na wewe ndo ungeiharibu kwa kuishusha.

Ndo maana noti peke yake haitoshi. Inakupa majibu mawili au matatu, kazi yako ni kuchagua.

Kwa taarabu ya zamani ni ngumu zaidi kwa sababu udi, fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) zinatyuniwa kumfuata mwimbaji, hakuna A ya kushikilia. Hapo fanya hivi, linganisha pande mbili. Zile namba za kurekodia zikifuatana, mfano moja inaishia 14 nyingine 15, ujue zilirekodiwa zikifuatana, siku hiyo hiyo huenda saa hiyo hiyo, na udi ni ule ule. Sikiliza uzi mtupu wa udi, ule mnene unaogongwa mwanzoni kabla wimbo haujaingia. Kama pande zote mbili unasoma sawa, spidi ni moja. Kama zimepishana senti 10 mtu kakaza uzi. Zikipishana 40 na kila kitu kimehama pamoja, fidla, udi na sauti ya mtu, basi fundi alibadilisha mwendo.

Angalia pia mwanzo na mwisho wa upande mmoja. Zipo sahani ambazo wimbo unaishia juu kidogo kuliko ulivyoanza. Mwimbaji hajapanda! Mashine ya kurekodia ilikuwa inachoka, ikapunguza mwendo, na wewe ukiipiga kwa spidi isiyobadilika unasikia kinyume chake, sauti inapanda. Hapo unatakiwa kurekebisha kwa mteremko, mwanzo namba moja mwisho namba nyingine.

Kwa sahani za umeme za baadaye kuna hila moja nzuri, mvumo wa umeme wa studio ulioingia ndani ya mfereji. Kwenye sehemu tulivu angalia spektramu kwenye Audacity, ukiona mstari mwembamba kwenye 103 Hz huku ukijua nchi ile ilikuwa na umeme wa 50 Hz, ule mstari ulitakiwa uwe 100, mara mbili ya 50, basi 78 mara 100 gawanya kwa 103 ni 75.7. Inua sindano uhakikishe mstari unapotea, usipopotea ni mvumo wa nyumbani kwako.

HATUA YA 8: SIKILIZA MTU, SIO MUZIKI

Hamna apu inayoshinda sikio la mtu anayejua lugha. Sisi wenye Kiswahili tuna kitu ambacho fundi wa London hana, tunajua "gh" ya mtu wa Unguja inavyokaa kooni, tunajua "ng'" inavuma muda gani puani kabla haijaachiwa. Sahani ikikimbia herufi hizi zinakatwa, "ghafula" inakuwa kama "gafla" ya mtu mwenye haraka. Ikienda pole irabu zinavimba, "a" inaelekea kuwa "o". Sikiliza na pumzi kati ya mistari, mtu mzima akivuta pumzi ya kuimba haivuti kama kifaranga.

Kama kuna maneno ya kusemwa, hayo ni dhahabu. Mafundi wa zamani walipenda mwimbaji atangaze jina. Gauhar Jaan, mwimbaji wa India, aliporekodiwa Calcutta mwaka 1902 alitaja jina lake mwisho wa upande, na sahani nyingi za Kihindi na Kiarabu zina tangazo kama hilo. Sauti ya kusema ni rahisi kuamua kuliko ya kuimba.

Lakini sikio lina tabia ya kuzoea. Ukisikiliza dakika tano kwenye 81 unaona 81 ndo sawa. Kwa hiyo tengeneza nakala tano, 73, 75, 77, 79 na 81, mwambie mtu mwingine azipige bila mpangilio bila kukuambia ipi ni ipi, wewe uandike tu. Rudia kesho asubuhi kabla hujasikia muziki wowote.

Nilikuwa na sahani moja ya mwambao lebo imechanika nusu, haina alama ya umeme, namba imefutika. Noti zilinipa majibu mawili, 75 na 79. Nimekaa nayo mwezi. Siku moja nikampigia shangazi yangu nakala zote tano pale uwani anachambua mchele, sikumwambia kitu, ya 81 hakuinua uso, ya 79 akasema huyu mtoto nani. Ilipofika 75 mkono ukasimama juu ya ungo. Akasema, "Ehee, hapo sasa anaimba. Mwanzo alikuwa anakimbizwa." Nikazipiga tena kwa mpangilio mwingine, akasimama pale pale. Nimeweka 75, na kwenye maelezo nimeandika kwamba ni sikio la mtu wa pale pale likikubaliana na noti, sio noti peke yake.

KUHUSU SILINDA

Ukikutana na zile za nta za mviringo kanuni ni ile ile ila namba nyingine. Za kibiashara zilitulia kwenye 160 kuanzia kama 1902, kabla ya hapo 120 mpaka 144. Zile za watafiti hazina namba kabisa, kila mtu alikaza skrubu yake. Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alirekodi silinda kusini mwa Tanganyika, bara ya Lindi, mwaka 1906, na kumbukumbu ya aina hii Berlin walikuwa na hifadhi tangu 1900. Wataalamu wa Berlin waliwashauri wanaokwenda safari wapulize kipenga cha A ya 435 mwanzoni mwa silinda. Ukisikia mlio mmoja mnyoofu kabla ngoma hazijaanza usiukate kwenye faili! Ndo ufunguo wenyewe, upime, ulete 435, na kila kitu kinachofuata kitakaa mahali pake.

HATUA YA 9: SAHANI ZA WIMA

Ukipiga Pathé ya zamani au Edison ukasikia sauti hafifu imejaa mikwaruzo sio mbovu, mfereji wake unapanda na kushuka badala ya kwenda kushoto kulia. Rekodi kwa stirio, geuza chaneli moja juu chini, afu zichanganye ziwe moja. Sauti inaruka mbele ghafla. Sahani za kawaida wewe changanya chaneli zote mbili bila kugeuza, mikwaruzo inapungua. Pathé ikihitaji sindano pana zaidi usilazimishe ya 78.

HATUA YA 10: ANDIKA ULICHOFANYA

Ukisambaza faili bila kusema spidi umempa mwenzako fumbo, manake hawezi kujua kama sauti ile ni ya mwimbaji au ni uamuzi wako. Mimi jina la faili linabeba namba ya kurekodia, upande, na spidi, afu kwenye faili la maandishi pembeni naweka mistari minne: pleya ilipimwa ngapi, sindano gani, nilitumia A ipi kama nilitumia, na kwa nini nimechagua namba hii na sio ile nyingine. Kama nimebaki na majibu mawili naweka faili mbili. Nimewahi kubadilisha uamuzi baada ya miaka miwili kwa sababu alitokea mtu mwenye upande wa pili wa kikao kile kile, namba zinafuatana, fidla ile ile, tukalinganisha kwa simu usiku, na kwa kuwa faili bichi lilikuwepo ilinichukua dakika kumi kurekebisha.

Ukimaliza rudisha sahani kwenye bahasha ya karatasi, isimamishe wima, isilale chini ya nyingine, mbali na dirisha la jua. Shelaki ya miaka mia ikipata joto la mchana wa Februari inapinda ndani ya saa chache.